Mkono Nao Husoma

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu wa mabaharia wetu wavifaa vile vitabu vya picha ambavyo, ukifungua ukurasa, hekalu huinuka, mlango hufunuka na gurudumu la karatasi huzunguka. Mtu mzima huona mchezo tu. Lakini fundi aliyekibuni kitabu alikuwa na swali zito: mtoto akifunua hapa, atajua jambo gani ambalo picha tupu isingemfunza?

Natutwae kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki akiwa na umri wa miaka 19 hivi, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Jina la Firauni watoto wetu hulijua tangu chuoni. Namna wafalme hao walivyozikwa ni habari nyingine. Howard Carter alilivumbua kaburi hilo mwaka 1922. Ndani mlikuwa na makasha manne ya mbao yaliyovikwa dhahabu, moja ndani ya jingine. Likafuata sanduku la jiwe, kisha majeneza matatu, la mwisho likiwa la dhahabu tupu, uzito wake kilo 110 hivi. Maiti yenyewe haikufikiwa hadi mwaka 1925.

Hayo yaweza kusemwa kwa mistari mitatu, na mtoto akayasahau kabla ya magharibi. Lakini mpe vifuniko vinane vya karatasi avifunue kimoja kimoja. Afikapo cha nane, mkono wake umekwisha kujua jinsi mfalme yule alivyofichwa, na subira aliyohitaji mchimbaji.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1543 tabibu Vesalius alichapa michoro ya viungo vya mwili ili msomaji aikate na kuibandika tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1765 Robert Sayer wa London akaanza kuuza hadithi za kufunua. Hata leo vitabu vinavyoinuka hukunjwa na kubandikwa kwa mikono ya watu.

Lakini lipo la kuhadhari. Kitabu kiitwacho Egyptology, kilichotoka mwaka 2004, kimetungwa kama shajara ya bibi Emily Sands, aliyepotea mwaka 1926 akilitafuta kaburi la Osiris. Ndani yake umo mchezo wa senet, ambao Wamisri wa kale waliucheza kweli. Emily, hata hivyo, hakuwako duniani, wala safari yake. Kweli na utungo vimelala ukurasa mmoja, na mtoto huelekea kukiamini zaidi kile alichokifunua kwa mkono wake. Hapo ndipo amana ya fundi ilipo: aonyeshe wazi kilichochimbuliwa na kilichobuniwa.

Nawe mzazi, ukimnunulia mwanao kitabu cha namna hii, keti naye. Kila afunuapo, muulize: hili limeonekana ardhini, au limetoka katika kalamu ya mtu?