Shela la Sayyid Barghash



Usiku mmoja wa likizo tulikaa na wajukuu kutazama filamu ya Kiingereza iitwayo The Favourite, iliyotoka mwaka 2018. Tunatahadharisha mapema kwamba si filamu ya watoto. Ilitubidi kuwatuma wadogo jikoni mara kadhaa wakalete maji ambayo hakuna aliyekuwa na kiu nayo. Lakini kisa chenyewe kina mazingatio. Malkia Anne wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1702 hadi 1714, ni mgonjwa na mpweke. Alishika mimba 17 na hakubakiwa na mtoto hata mmoja. Wanawake wawili wa jamaa moja, Sarah Churchill na Abigail, wanagombania sikio lake, kwani mwenye sikio la Malkia ana neno katika vita na kodi. Mtazamaji hucheka, kisha huona haya kwa kucheka.

Ilipokwisha, mjukuu mmoja akatuuliza: "Bibi, na masultani wa Unguja nao walikuwa hivi?"

Tukamjibu kwamba wao walizidi.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Mwanawe Barghash, aliyekuwamo merikebuni, alimzika baba yake usiku kimyakimya, akitaraji kukitwaa kiti kabla nduguye Majid hajatanabahi. Hakufanikiwa. Majid akatawala Unguja, na Thuwaini akabaki na Maskati.

Mwaka 1859 Barghash akajaribu tena. Upande wake walikuwapo dada zake Khole na Meje, na masheikh wa Al Harthi, ambao asili yao ni huku huku kwetu Sharqiyah, pande za Ibra, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapa Al Mintirib. Alikuwapo pia msichana wa miaka 15, Sayyida Salme. Huyu hakuwa na jeshi, ila alikuwa na kalamu. Zama zile mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomfanya katibu wa njama dhidi ya Majid, kaka aliyempenda.

Majid akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Ndipo likatokea jambo ambalo hata mtunga filamu angesita kulibuni. Khole na Salme waliwaendea askari usiku, wakawasihi wawaachie wakamwone ndugu yao. Askari, kwa kuwastahi mabinti wa Sayyid Said, wakawapisha. Walipotoka, kundi lilikuwa limeongezeka mwanamke mmoja, aliyegubikwa shela akabaki macho tu, na kando yake wanawake warefu warefu ili kimo chake kisishangaze. Huyo alikuwa Barghash, ambaye mwanzoni alikataa katakata kuvaa nguo za kike. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga; usiku ule hata kikuokoacho kilikuwa nguoni.

Kicheko kinaishia hapo. Barghash alikimbilia shamba la Marseilles, yakamkuta majeshi ya Majid yakisaidiwa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza. Watu wengi wakafa. Yeye alijisalimisha, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akatawala, na mwaka 1883 akajenga Bait al-Ajaib.

Salme alisamehewa na Majid, lakini mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata akaolewa Aden na Mjerumani, Heinrich Ruete. Alipozuru Unguja mwaka 1885, Barghash alikataa kumwona. Ni kweli Salme alikuwa amebadili dini, na alikuja pamoja na manowari za Kijerumani. Hata hivyo, aliyefungiwa mlango alikuwa mmoja wa waliomfungulia Barghash njia. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Sarah Churchill alifukuzwa katika jumba la Malkia mwaka 1711; mwaka 1742 akachapisha maelezo yake. Salme alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Wote wawili walishindwa, na bado ni wao wanaotusimulia. Abigail na Khole tunawajua kwa vinywa vya wengine.

Na watu wetu je? Askari waliopisha njia, watu wa Sharqiyah waliomfuata Barghash, watumwa walioangamia Marseilles wakipigania kiti ambacho wasingekikalia kamwe: nani aliwaandikia? Sikukuu iliyopita wazee wawili nusura wagombane barazani, mmoja akisema babu yao alikuwa shujaa, wa pili akisema alikuwa mwasi. Hakuna aliyekuwa na hata karatasi moja mkononi. Vijana walitazama tu, kwani wazee waligombana kwa Kiswahili, na vijana wale hawajui ila Kiarabu.

Basi tunawaomba, ndugu zetu: fungueni masanduku yaliyovuka bahari, mzitoe barua za Unguja zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwasomee wajukuu maadamu wapo wanaozielewa. Muulizeni mzee, muandike, mtie na tarehe. Salme alianza na mfupa wa ngamia. Sisi tuna madaftari.

Wabillahi tawfiq.