Baba Haitiki? Huenda Siyo Dharau

Akina mama wengi hutulalamikia: "Siku hizi mume wangu ananidharau. Namwita, haitiki." Sisi wauguzi tunaojitolea kuwatembelea wazee wa kanisa huko Temeke na Yombo tumezoea kuuliza kwanza: je, baba alifanya kazi gani ujanani?

Baadhi yao walipakia mizigo uwanja wa ndege. Novemba 11, 1965, serikali ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikakosa njia yake ya mafuta. Yakapelekwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, ndani ya mapipa. Mwaka 1966 zikaja Hercules, ndege za injini 4 za aina iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi. Zilikwenda na mafuta, zikarudi na shaba. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kazi.

Mzee mmoja alitusimulia, huku akicheka, jinsi walivyojaza pamba masikioni, na usiku kichwa kikaendelea kuvuma kama bado wako uwanjani. Mkewe hakucheka. Kwa miaka mingi alidhani ameolewa na mtu mwenye kiburi.

Pamba haitoshi kuzuia kelele. Kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Ikifika 100, dakika 15 tu. Injini ya ndege iliyo karibu huzidi hapo. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa haviooti tena. Sauti nyembamba hupotea kwanza. Ndiyo maana baba husikia lori likipita, lakini haelewi maneno ya mkewe na wajukuu.

Mama, ufanye nini?

1. Usimfokee. Simama mbele yake akuone midomo, useme polepole. Zima redio kwanza.

2. Mpeleke hospitali. Pengine ni nta tu, nayo huondolewa. Usimtie mafuta wala njiti.

3. Akishauriwa kutumia kifaa cha kusaidia kusikia, mtie moyo. Si aibu.

4. Kijana wako akifanya kazi kwenye mashine, ahimizwe kuvaa vizibo maalumu vya masikio. Asingoje hadi masikio yaanze kulia.

Kutoitikiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe kunauma, tunajua. Lakini kabla hujaita wazee wa kanisa kuamua ugomvi, baba apimwe masikio.