Samaki wa Dhahabu Chini ya Uluguru

Samaki wa dhahabu, ambaye wataalamu humwita Carassius auratus, asili yake ni China. Ndugu zake wa mwituni wana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, rangi inayowaficha machoni pa ndege. Mara mojamoja huzaliwa mwekundu au wa manjano. Mtoni samaki wa namna hiyo huliwa mapema. Katika mabwawa ya mahekalu na makasri ya enzi ya nasaba ya Song (960–1279) alitengwa, akatunzwa na kuzalishwa na wenzake wa rangi hiyohiyo. Kutoka China walivuka hadi Japani, na katika karne ya 17 wakafika Ulaya. Kila walikofika, wafugaji walichagua maumbile yasiyo ya kawaida, wakayaendeleza kizazi baada ya kizazi.

Leo kuna makundi mawili. La kwanza ni la samaki wembamba wenye mkia mmoja, wepesi wa kuogelea, ambao hufikia sentimita 30 wakipata bwawa. La pili ni la samaki wa mapambo hasa: mwili mfupi wa mviringo na mkia uliogawanyika mara mbili. Oranda ameota nyama kichwani, ranchu hana pezi la mgongoni, ryukin ana nundu, na wapo wenye macho yaliyotokeza nje ya kichwa. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa mkia wa pacha unatokana na hitilafu katika jeni moja, ile inayosaidia kiinitete kutofautisha upande wa mgongo na upande wa tumbo.

Urembo huo samaki anaulipia. Mwili uliofupishwa umebana utumbo na kibofu cha hewa, kiungo kinachomwezesha kusimama sawa ndani ya maji. Ndiyo maana oranda aliyeshiba kupita kiasi huonekana akielea kichwa chini. Huogelea polepole, na mwenye macho ya kutokeza haoni vizuri. Kumweka tangi moja na perege, hata wale wadogo wa kutoka bwawani, ni kumtoa atafunwe mapezi. Hata samaki wa dhahabu wembamba hawamfai, kwa sababu humaliza chakula yeye akiwa bado anakitafuta.

Kwa mkazi wa Morogoro, jambo la kwanza kulipima ni joto. Samaki wa mapambo wa aina hii hustawi katika maji ya nyuzi 18 hadi 24. Mji uko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na kati ya Oktoba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Maji yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Samaki naye, kadiri maji yanavyopata joto, mwili wake hufanya kazi haraka zaidi na kudai oksijeni zaidi. Kwa hiyo anahitaji zaidi wakati uleule maji yanapokuwa na kidogo. Anayepanda juu ya maji na kupigapiga mdomo hewani saa nane mchana haombi chakula, ingawa watoto wa nyumba nyingi hudhani hivyo na kumwongezea.

Tiba ya joto huanza na mahali. Tangi liwekwe kwenye chumba chenye sakafu ya saruji, mbali na dirisha la magharibi na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji yaliyo wazi huweza kuyapoza kwa nyuzi mbili hadi nne, kwa kuwa maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Siku za unyevu mwingi hewani msaada huo hupungua. Chupa ya maji yaliyogandishwa ikielea tangini husaidia kwa saa chache, lakini ikishusha joto ghafla huwa adhabu nyingine. Pampu ya hewa ni ya lazima mjini, na inayotumia betri iwe karibu kwa ajili ya siku umeme unapokatika.

Huko juu, kwenye milima ya Uluguru, mambo ni tofauti. Joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, iko juu kuliko mji kwa zaidi ya mita 1,000, na huko kabichi, karoti na njegere hustawi. Samaki wa dhahabu angeishi huko bila feni wala barafu.

Maji ya bomba mjini hutegemea mito inayotoka Uluguru na Bwawa la Mindu lililoko kwenye Mto Ngerengere. Yamewekwa klorini ili yasilete maradhi kwa watu, nayo klorini huchoma matamvua ya samaki. Ndoo iliyoachwa wazi kwa siku nzima hupoteza klorini hewani, na pampu ya hewa huharakisha kazi hiyo. Wakati wa masika, mito inaposhuka na udongo mwekundu, maji yaliyotulia kwanza kwenye simtanki hufaa kuliko yanayotoka bombani moja kwa moja. Maji ya mvua, kama ya vijito vingi vya milimani, huwa laini, yaani yana madini kidogo, na katika tangi huelekea kugeuka ya asidi kadiri wiki zinavyopita. Vipande vichache vya mawe ya chokaa au makombe ya baharini ndani ya kichujio huzuia hali hiyo.

Tangi lenyewe fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Lenye urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45 hubeba lita 160 hivi, nafasi ya kutosha samaki wawili au watatu wa mapambo watakaofikia sentimita 15 hadi 20 kila mmoja. Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 160, mzigo ambao meza ya kawaida ya sebuleni haiwezi kuubeba. Bakuli la kioo la mviringo, ambalo picha nyingi humwonyesha samaki huyu ndani yake, halimfai kwa lolote.

Kinachoua samaki wengi wa dhahabu ni haraka ya mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipokuwa ikilimbikizana sana. Bakteria hao hukaa kwenye sponji la kichujio na kwenye changarawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Tangi lililojazwa Jumamosi na kutiwa samaki Jumapili halina hata mmoja wa kuhesabika. Maji yanaonekana safi kabisa huku amonia ikipanda. Katika joto la Morogoro hatari ni kubwa zaidi: kwa maji yenye pH 8, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali hukaribia kuongezeka maradufu joto linapotoka nyuzi 20 hadi 30.

Njia ya busara ni kuendesha tangi bila samaki kwa wiki hizo, ukitia chakula kidogo kila siku ili kiooze na kuwalisha bakteria. Anayemfahamu mfugaji mwingine aombe kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio kinachofanya kazi. Hakuna zawadi inayoshinda hiyo. Baadaye robo hadi theluthi ya maji hubadilishwa kila wiki, na sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini. Kuliosha chini ya bomba ni kuwaua bakteria kwa klorini na kurudi mwanzo.

Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula. Kinachoingia mdomoni huenda moja kwa moja utumboni. Alishwe kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Punje zinazozama ni bora kuliko zinazoelea, maana anayekula juu humeza hewa. Uduvi mkavu uliosagwa, viluwiluwi vya mbu na mchicha uliochemshwa kidogo ni nyongeza nzuri, na njegere za Mgeta zilizochemshwa na kumenywa humsaidia aliyefunga choo. Pumba za kulishia perege zinachafua maji bure.

Samaki wapya, hasa waliosafiri kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa plastiki, wakae kwanza wiki tatu katika chombo cha peke yao. Ugonjwa wa vidoa vyeupe, mithili ya chembe za chumvi mwilini, huonekana mara nyingi baada ya safari, na chumvi gramu mbili hadi tatu kwa lita huudhibiti ukiwahiwa mapema. Dume aliye tayari kuzaa hutokwa na vipele vyeupe pia, lakini vyake hukaa kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mapezi ya mbele tu, na havihitaji dawa. Mayai hunata kwenye majani ya maji na kuanguliwa baada ya siku nne au tano, ilimradi wazazi wametolewa, kwa sababu huyala. Watoto huanza na rangi ya kahawia, na wengi hawarithi umbo la mama wala la baba.

Hao wa ziada ndio mtihani. Kwenye Mto Vasse, huko Australia Magharibi, samaki wa dhahabu waliotupwa mtoni wamezaana, na wengine wamepatikana wakikaribia kilo mbili. Mito ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na ubaridi wa vijito vya juu unamfaa samaki huyu kuliko joto la tangi la mjini. Mkoa wa Morogoro una samaki wake wa rangi, kama Nothobranchius steinforti wa madimbwi ya Kimamba, ambaye mayai yake husubiri mvua ndani ya tope lililokauka. Mgeni anayefukua matope na kula mayai hatakiwi huko. Samaki asiyehitajika arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine. Maji yanayotolewa tangini nayo yamwagwe bustanini, ambako nitrati yake ni mbolea, wala yasielekezwe kwenye mfereji unaoshuka mtoni.