Ndege Huokolewa Chini, Si Angani

Mwaka jana kijana wetu, mwenye umri wa miaka 15, aliirusha ndege yake ndogo ya rimoti kwa mara ya kwanza. Ilikaa hewani sekunde zisizozidi kumi. Alipoisukuma fimbo kulia ili ndege igeuke, ikalalia kushoto. Alipozidi kuisukuma kulia, nayo ikazidi kulala kushoto, mpaka bawa likachoma ardhi. Tuliviokota vipande tukavitia kikapuni. Kwa miezi kadhaa hakutaja tena habari ya kusomea uhandisi, jambo alilokuwa akilizungumza tangu utotoni. Sisi wazazi tulinyamaza. Tulijua kwamba siku ile hakuna aliyeikagua ndege, na kwamba ni sisi tuliomharakisha kwa kuwa magharibi ilikuwa inakaribia.

Mwaka huu ami yake aliyeko Muscat alimletea nyingine, ya sarakasi, ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku. Ni mfano mdogo wa Extra 300, ndege iliyobuniwa na Mjerumani Walter Extra na kuruka mara ya kwanza mwaka 1988. Yetu ina mita 1.2 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine. Kabla ya kulifungua sanduku tuliwekeana sharti moja: safari hii hakuna haraka, na kila hatua itaandikwa daftarini. Mwandishi alikuwa dada yake wa miaka 13, ambaye mwaka jana aliambiwa kwamba mchezo huo ni wa wavulana.

Ndege isiyosamehe

Ndege ya mwanafunzi huwa na mabawa yaliyoinuka kidogo kwenye ncha. Ikiinama, hujitahidi yenyewe kurudi sawa. Ya sarakasi haina tabia hiyo. Mabawa yake yamenyooka, na umbo lake la juu linafanana na la chini, ili iweze kuruka kichwa chini kama irukavyo kichwa juu. Hutii inachoambiwa, basi. Ikiambiwa kosa, hulitii kosa hilo kwa bidii ileile. Kwa hiyo kijana alitumia mwaka mzima kujifunza kwa ndege ya mazoezi iliyotengenezwa kwa povu gumu, kabla ya kuigusa hii.

Mezani

Kiunzi chake ni cha balsa, mti mwepesi mno, kilichofunikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Joto la Pwani huifanya ngozi hiyo kukunjamana. Tuliinyoosha kwa pasi ya moto mdogo iliyovishwa kitambaa. Aileroni, yaani vibao vinavyochezacheza nyuma ya mabawa, hushikwa kwa bawaba ndogo zinazotiwa gundi ya kukauka upesi. Moshi wa gundi hiyo huwasha macho, basi madirisha yalifunguliwa na mdogo wao wa miaka mitatu akahamishiwa chumba kingine. Gundi ilipokauka, kila kibao kilivutwa kwa vidole. Kinachong'oka mezani ni heri kuliko kinachong'oka angani.

Kisha ukaja mkia. Bibi yao ni mshonaji, na futikamba yake ndiyo iliyotumika. Binti yetu alipima kutoka ncha ya bawa la kulia hadi ncha ya mkia wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo vilipishana milimita 6. Kwa macho hatukuona lolote. "Hata kanzu hukatwa hivyo," alisema bibi. "Jicho hudanganya, futi haidanganyi." Tulisugua kwa msasa mahali mkia unapoingia, tukapima tena, na gundi haikutiwa mpaka pande zote mbili zilipolingana.

Farumi ya ndege

Mwanahistoria al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632, anasimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, mwanachuoni wa karne ya tisa Miladi aliyejivika manyoya na mabawa akaruka. Aliumia mgongo wakati wa kutua, na sababu iliyotajwa ni kwamba hakujua kuwa ndege hutumia mkia wake anapotua. Mabawa hayatoshi. Mbele na nyuma sharti vielewane.

Kitabu cha maelekezo kilitutaka tuipime ndege sentimita 9 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Tuliweka alama mbili za penseli chini ya mabawa, betri ikiwa mahali pake, tukaiinua ndege kwa ncha za vidole. Mkia ulishuka. Bibi, ambaye marehemu mumewe alikuwa nahodha, hakuhitaji kuelezwa. "Farumi yenu imekaa vibaya," alisema. Jahazi lenye farumi iliyokaa vibaya halishiki njia. Ndege nayo ikielemewa pua huwa nzito kugeuka, lakini hurudi nyumbani. Ikielemewa mkia huenda isirudi kabisa. Tuliisogeza betri mbele kidogo kidogo, mpaka ndege ikatulia mikononi pua yake ikiwa imeinama kwa kiasi tu.

Fimbo na vibao

Kazi ya kupanga rimoti ilifanywa rafadha, ile panga inayozunguka mbele, ikiwa imefunguliwa na kuwekwa kabatini. Mota ya umeme haitoi onyo. Hunguruma ghafla, na rafadha hukata vidole. Huo ulikuwa msitari wa kwanza wa daftari.

Kila kibao huendeshwa na mota ndogo iitwayo sevo. Sevo hurudishwa kwanza katikati, ndipo mkono wake ufungwe skurubu ukiwa umesimama wima. Ukifungwa ukiwa umelala, kibao kitakwenda mbali upande mmoja na kidogo upande wa pili. Kisha tulipima mwendo wa vibao kwa kipimapembe. Tulipanga namna mbili, na swichi moja ya kuchagua: mwendo mdogo wa nyuzi 12 kwa kuruka na kutua, na mwendo mkubwa wa nyuzi 30 kwa sarakasi. Vilevile tuliipunguzia fimbo ukali karibu na katikati, ili mkono unaotetemeka usiitetemeshe ndege.

Mwisho tulisimama nyuma ya ndege. Fimbo ikienda kulia, aileroni ya kulia hupanda na ya kushoto hushuka. Fimbo ikivutwa upande wa mrushaji, kibao cha mkia hupanda. Usukani ukiamrishwa kulia, huelekea kulia. Baada ya hapo rimoti ilizimwa makusudi, kuhakikisha kwamba ndege ikipoteza mawasiliano mota yake husimama.

Betri ndani ya nyumba

Kwa akina mama tungependa kusisitiza jambo hili. Betri za lithiamu za ndege hizi zina nguvu nyingi, na zikichajiwa vibaya huwaka moto. Yetu ina seli 4, na kila seli haipaswi kupita volti 4.2. Huchajiwa mtu mzima akiwapo, kwa chaja yake maalumu, ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga, mbali na mapazia na magodoro. Haichajiwi watu wakiwa wamelala. Ikikaa bila kutumika huachwa kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado inafanya kazi.

Siku ya kurusha

Pwani yetu ina kusi na kaskazi, na ndege ya kilo moja na nusu haishindani na upepo huo. Tulichagua asubuhi, baada ya alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka, katika shamba la jamaa huko Kilifi, mbali na nyumba za watu. Ruhusa ilikuwa imeshughulikiwa mapema. Vyombo virukavyo bila rubani vina sheria zake nchini, na kila familia inapaswa kuiuliza Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) kabla ya kurusha chochote, hasa karibu na viwanja vya ndege.

Rimoti iliwashwa kwanza, kisha betri ikaunganishwa. Mjomba wao aliishika ndege kwa nyuma. Kijana alikuwa na hamu iliyomwenea usoni. Binti yetu akafungua daftari na kuanza kusoma.

"Fimbo kulia."

Aileroni ya kulia ikashuka.

"Simama," alisema.

"Tuliangalia jana usiku," kaka yake akajibu kwa hasira. "Ilikuwa sawa."

"Jana ilikuwa sawa. Leo imeshuka."

Sisi tulitaka kusema neno, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na upepo ungefuata. Tuliukumbuka mwaka jana, tukanyamaza. Mjomba aliitoa betri na kuitazama rimoti. Kumbe rimoti huhifadhi mipangilio ya ndege nyingi, na usiku, baada ya ukaguzi, kijana alikuwa ameichagua ile ya ndege yake ya mazoezi ili aitazame, akasahau kuirudisha. Rimoti yetu haizuii kosa hilo. Kila fundo na kila skurubu vilikuwa sawa, na bado ndege ingeanguka kwa kosa lilelile la mwanzo.

Kijana aliirudisha mipangilio sahihi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Dada yake akaanza kusoma upya tangu msitari wa kwanza, bila kuruka hata mmoja, naye akajibu kila msitari kwa sauti ya chini.

Ndege ilipaa. Iliruka dakika sita, ikazunguka shamba, ikajiviringisha mara moja, ikapiga samasoti moja kubwa, kisha ikatua majanini na kujikwaruza kidogo chini ya tumbo. Kijana aliitoa betri kwanza, akazima rimoti baadaye, kama ilivyoandikwa. Halafu akaomba daftari na kalamu. Juu kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliongeza msitari mmoja: *Je, rimoti imechagua ndege hii?* Chini yake akaandika jina la dada yake, kuwa ndiye mkaguzi.