Mbwa wetu amezaa tena: tufanye nini?



Katika kambi moja ya wafanyakazi, mbwa jike alizaa watoto saba. Baba wa nyumba akasema: «Bukari ya batoto haienei. Ya imbwa saba itatoka wapi?» Kijana wake akatumwa kuwatia ndani ya mfuko na kuwaacha karibu na soko. Wengine walikufa, wengine wakakulia njiani.

Miezi kupita, jike yule akataka dume tena. Kundi la mbwa wa njiani likamfuata mpaka mlangoni. Binti wa jirani, aliyetoka kuteka maji, akaumwa mguuni. Nani alikosa, mbwa ao sisi?

Tufanye hesabu

Mbwa anabeba mimba karibu siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka anamshinda: anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, hata kama angali ananyonyesha. Kutupa watoto wao hakumalizi neno. Dawa ya kweli ni kuhasi.

Kuhasi ni nini?

Munganga wa nyama anamlaza mnyama kwa dawa ya usingizi. Kwa dume anatoa mapumbu. Kwa jike anatoa mayai, mara nyingi pamoja na kizazi. Kisha anashona, na mnyama anapumzika siku kama kumi. Usikubali mtu aje na wembe nyumbani! Hayo ni mateso, na kidonda kitaoza.

Faida ni nyingi. Dume hazunguki sana, hapigani sana, wala hapati kansa ya mapumbu. Jike aliyetolewa mayai na kizazi hapati usaha wa kizazi, ugonjwa unaoweza kumwua. Kwa wote wawili inapungua hatari ya uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wanaambukizana wakipandana.

Wengine wanasema: «Lazima azae kwanza mara moja.» Si kweli. Wengine: «Hatalinda tena lupango.» Atalinda, kwa sababu hazunguki sana. Lakini mpimie chakula, asinenepe.

Bei ni nguvu? Anzeni na jike. Jirani wawili watatu wakipatana, wamwulize munganga pamoja. Kwa sasa, jike akitaka dume, mfungieni ndani majuma matatu.

Musisahau chanjo

Kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa. Chanjo ndiyo inazuia. Kwa watu 100 wanaokufa na ugonjwa huo, karibu 99 waliupata kwa mbwa. Alama zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtoto akiumwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, na umpeleke hospitali siku ile ile apate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Binti yule alipona, kwa sababu mama yake alikimbia na sabuni, kisha akakimbia hospitali. Jike naye amehasiwa. Anakaa mlangoni, na barabara iko kimya.

Tuzungumze nyumbani

1. Mbwa na paka wetu wamepata chanjo lini?
2. Watoto wao waliotangulia wako wapi leo?
3. Kijana aliyetumwa na mfuko, amejifunza nini kwa baba yake?