Injini kubwa, gari la zamani: Kwa nini mafundi huipitishia chini?

Na Mwandishi Wetu

FUNDI anapotaka kurudisha injini kwenye gari, kwa kawaida hufungua boneti, akafunga mnyororo na kuishusha injini kwa winchi. Hata hivyo, yapo magari ya zamani ambayo njia hiyo huwa na matatizo, hivyo injini hupitishiwa chini.

Mfano mzuri ni Ford Mustang, gari la Marekani lililozinduliwa Aprili 17, 1964. Liliundwa kutokana na gari dogo la Ford Falcon, ambalo awali lilikusudiwa injini ya silinda sita.

Springi za mbele za Mustang za wakati huo zimekaa ndani ya minara miwili ya bati, mmoja kila upande wa injini. Minara hiyo ndiyo inayobana nafasi.

Mwaka 1967 Ford waliipanua Mustang ili ipokee injini ya V8 ya lita 6.4. Injini iliingia, lakini kwa kubanana, na kuzifikia plagi zake ni kazi ngumu.

Mwaka 1969 ilikuja Boss 429, yenye injini ya lita 7. Silinda hedi zake zilikuwa pana kiasi kwamba minara ililazimika kubadilishwa, kazi iliyofanywa na Kar Kraft huko Brighton, Michigan. Hata betri ilihamishiwa kwenye buti kwa kukosa nafasi.

Injini inaposhushwa kutoka juu ikiwa imeunganishwa na giaboksi, sharti iinamishwe sana ili giaboksi itangulie kupita chini ya sakafu ya gari. Injini ya lita 6.4 ina uzito wa karibu kilo 300. Ikiyumba kidogo tu kwenye mnyororo, yaweza kukwaruza rangi au kupinda mabomba ya breki.

Kwa njia ya chini, hali hugeuka: injini hutulia, na gari ndilo linaloshushwa. Viwanda vingi vya magari hufanya vivyo hivyo.

Kwanza, injini na giaboksi huunganishwa nje, mahali ambapo kila nati inafikika. Kisha huwekwa juu ya kitoroli kifupi chenye magurudumu imara, zikiwa zimeegemezwa kwa mbao ili uzito usikandamize sampu ya oili, ambayo ni bati jembamba.

Pili, chuma kinachokatiza chini ya injini hufunguliwa, pamoja na viungo vya stelingi vinavyozuia njia. Nyaya na mabomba hufungwa pembeni. Ni lazima pia kupima upana wa injini na nafasi iliyopo baina ya reli mbili za bodi. Ekzosi zikizidi, zifungwe baadaye.

Tatu, gari huinuliwa hadi lipite kimo cha injini, kitoroli husukumwa chini yake, na gari hushushwa taratibu. Msaidizi mmoja hutazama kila upande, na kazi husimama kila kitu kinapogusana, hadi bolti za maunti ziingie.

Hatari kubwa ipo hapa. Gari lisilo na injini ni jepesi mbele na zito nyuma, kwa hiyo laweza kupinduka kwa nyuma kutoka kwenye lifti. Sharti egemeo lirudishwe nyuma kufuata uzito na sehemu ya nyuma ifungwe barabara. Jeki pekee haitoshi, na mtu yeyote asiingie chini ya gari kabla halijawekewa stendi.

Baada ya hapo hurudishwa chuma cha chini na stelingi, kila bolti ikikazwa kwa kipimo chake. Breki na stelingi hukaguliwa kabla ya injini kuwashwa, kwani gari lililoongezewa nguvu linahitaji kusimama kuliko linavyohitaji kukimbia.