Joho la Caesar Lina Matundu

Antony anasimama mbele ya umati wa Roma, joho la Caesar mkononi, na kuanza kuonyesha matundu moja baada ya jingine: hili ni la jambia la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus. Umati unaangua kilio. Ndicho kilele cha Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, na Antony anabuni. Hakuwapo Caesar alipochomwa. Katika onyesho linalotangulia, Trebonius, mmoja wa wala njama, alimvuta nje makusudi ili asiwepo, naye akarudi maiti ikiwa tayari sakafuni. Sasa matundu hayo ameyatambuaje?

Mwalimu akilitupa swali hilo kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, kurasa huanza kufunuliwa kurudi nyuma bila mtu kuamrishwa. Mmoja atasema huenda Brutus alimsimulia. Mwingine atauliza wakati gani, maana walikuwa pamoja kwa dakika chache tu. Mara nyingi yuko wa tatu atakayesema kwamba Antony hana haja ya kujua, kwa kuwa hata umati haujui. Jibu hilo lina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo juu ya dhamira ya usaliti.

Lakini sivyo tamthilia hii inavyofundishwa kwa kawaida. Utaratibu uliozoeleka ni mwalimu kusoma mstari, kusimama kwenye neno gumu, kutoa maana yake, na wanafunzi kuandika maana hiyo pembeni kwa penseli. Wiki tatu zikipita darasa bado liko tendo la kwanza, Caesar yu hai, na nusu ya wanafunzi wamekwishanunua mwongozo. Mwongozo una muhtasari, orodha ya wahusika, dhamira na maswali yenye majibu. Unafaulisha, na hilo lisidharauliwe. Ila mwanafunzi aliyeusoma peke yake anakuwa kama mtu aliyesimuliwa mechi na jirani: matokeo anayajua, mchezo hakuuona.

Na huu hasa ulikuwa mchezo. Julius Caesar ilichezwa London mwaka 1599. Msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba mnamo Septemba 21 mwaka huo alitazama igizo juu ya Caesar, na mwishoni waigizaji wakacheza dansi. Maandishi ya tamthilia yenyewe hayakuchapwa hadi 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki. Kwa muda wa miaka 24 watazamaji waliifahamu kwa masikio na macho tu. Hata waigizaji hawakupewa kitabu kizima. Kila mmoja alipewa karatasi zenye maneno yake mwenyewe, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia ili ajue zamu yake imefika.

Mwalimu asiye na nakala za kutosha anaweza kuigeuza historia hiyo kuwa mbinu. Karatasi nane zilizoandikwa kwa mkono zinatosha kuendesha onyesho zima, na kila mwenye karatasi hulazimika kusikiliza wenzake, la sivyo atapitwa na zamu.

Uingereza kwenyewe walimu walihitaji kukumbushwa kwamba tamthilia ni ya kuchezwa. Mwaka 1986 Rex Gibson alianzisha mradi wa Shakespeare mashuleni katika Taasisi ya Elimu ya Cambridge, akisisitiza kwamba maandishi ya tamthilia ni maelekezo ya kuigiza. Mwaka 2008 kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company ilitoa wito wenye madai matatu: wanafunzi waigize wakiwa wamesimama, watazame maonyesho ya jukwaani, na waanze wakiwa wadogo. Kisha mageuzi ya mtihani yakavuta kamba upande mwingine. Mtaala uliofundishwa kuanzia 2015 ulidai tamthilia nzima ya Shakespeare na riwaya ya karne ya 19, na mtihani wake wa kwanza, mwaka 2017, ulifanywa bila kitabu mezani. Vijana wa Manchester wakarudi kukariri nukuu, jambo ambalo vijana wa Morogoro wangelielewa bila kufafanuliwa.

Somo la kusimama halihitaji jukwaa wala mavazi. Tendo la tatu, onyesho la pili: wanafunzi wawili ndio wasemaji, darasa lililobaki ndilo umati. Umati una maneno yake kitabuni, nao uachwe upige kelele. Brutus anatangulia, kwa nathari, sentensi zake zimepimwa kama hoja za wakili. Darasa linapiga kura kwa kunyoosha mikono, na aghalabu Brutus hushinda. Halafu Antony anapanda, yeye kwa ushairi. Anataja wasia wa Caesar, anakataa kuusoma, anashuka chini kati ya watu, anaonyesha joho, anafunua maiti. Umati unawaka hata unataka kukimbia kuchoma nyumba, na hapo Antony mwenyewe analazimika kuwarudisha: mmeusahau wasia! Ndipo wanaposikia kwamba kila raia ameachiwa drakma 75. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kuhudhuria mkutano mmoja wa kampeni, hakuna haja ya maelezo ya pembeni.

Kura ya pili ikipigwa, swali la mwalimu ni moja: ni wapi hasa ulipobadilisha mawazo? Mwanafunzi aonyeshe mstari.

Kuhusu ugumu wa lugha, wanafunzi wa Kiswahili wana mtaji ambao walimu wa Kiingereza hawautumii. Wamefundishwa kuhesabu mizani. Wanajua mshororo wa shairi la kimapokeo una mizani kumi na sita, minane kila kipande. Mshororo wa Antony una silabi kumi na hauna vina. Tofauti ni kwamba Kiingereza huhesabu pia mkazo, mara tano katika mshororo, kwa hiyo vidole havitoshi, madawati yagongwe. Chumba cha jirani kitalalamika. Si neno.

Mtaji mwingine uko maktabani. Hadithi za Shakespeare zilichapwa kwa Kiswahili Zanzibar tangu miaka ya 1860, na Edward Steere wa misheni, kutokana na masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa sekondari Pugu kabla ya siasa kumchukua, alitoa tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya kama Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Wako walimu wanaoona kwamba kumpa mwanafunzi hotuba ya Antony kwa Kiswahili ni kumpa njia ya mkato. Hofu hiyo haina msingi. Shule za Kenya zimesoma A Doll's House ya Henrik Ibsen kama kitabu teule cha Kiingereza, na Ibsen aliandika kwa lugha ya Norway. Hakuna aliyelalamika kwamba wanafunzi wanasoma tafsiri. Mwanafunzi anayejua tayari Antony anataka nini huingia kwenye Kiingereza akiwa na swali jipya: analipataje?

Wengine watauliza kwa nini Shakespeare kabisa. Swali hilo lilipata sauti kubwa Nairobi mwezi Oktoba 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe. Hawakutaka vitabu vichomwe. Walitaka fasihi ya Afrika ikae katikati na nyingine ziizunguke. Ngũgĩ alikuwa amesoma Alliance High School, ambako chini ya mkuu wa shule Carey Francis tamthilia ya Shakespeare iliigizwa kila mwaka. Leo Chinua Achebe na Wole Soyinka wamekwishaketi mashuleni kwetu, na Shakespeare anaweza kusomwa bila kubeba mzigo wa kuwa kipimo cha ustaarabu wa mtu.

Zikibaki dakika kumi, zipewe onyesho linalofuata hotuba ya Antony. Ni fupi, kama mistari arobaini tu, na waongozaji wa zamani walizoea kulikata, hadi Orson Welles alipolipa uzito mkubwa katika maonyesho yake ya New York mwaka 1937. Umati unamkamata Cinna mshairi, ukidhani ni Cinna mla njama. Anajitetea kwamba yeye ni mtunzi tu, nao wanaamua wamuue kwa ubaya wa mashairi yake. Sauti za umati huo wapewe wanafunzi waliompigia Antony kura.